Mtoto asiyesikia uchungu: maswali ya wazazi

Binti yangu ana miezi kumi na hajawahi kulia akidungwa chanjo. Ni jasiri tu?

Kutolia sindano moja si hoja. Wapo wanaonyamazishwa na titi. Lakini kama amepita chanjo zote bila hata kukunja uso, na tangu meno yaote anatafuna ulimi na vidole mpaka damu inatoka huku akicheka, mpeleke kliniki. Upo ugonjwa adimu sana wa kurithi unaomfanya mtoto azaliwe bila kusikia maumivu. Ukimtekenya anajua, ukimshika anajua. Uchungu ndio haumfikii.

Jirani anasema ni laana.

Ni jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Mojawapo huitwa SCN9A, na kazi yake ni kutengeneza vijilango vya kupitisha sodiamu kwenye neva za maumivu. Vijilango vikiwa vibovu, habari ya uchungu haisafiri. Jambo hili lilielezwa mwaka 2006 kutokana na familia za kaskazini mwa Pakistani. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyefanya maonyesho barabarani, akijidunga visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki akiwa bado mdogo, baada ya kuruka kutoka paa la nyumba.

Kwa kawaida baba na mama huwa wazima kabisa, ila kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni hiyo. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo msilaumiane.

Wangu hatoki jasho pia. Yanahusiana?

Huenda. Aina moja, inayotokana na jeni ya NTRK1, humnyima mtoto uchungu na jasho pamoja, na wengi wao huchelewa kukua kiakili. Hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana mwili usiotoa jasho hauna njia nzuri ya kujipoza, na joto kali linaweza kuua. Msidanganyike na baridi ya Julai. Nyumba ya mabati mchana wa Februari ni tanuri. Wekeni kipimajoto nyumbani, mpeni maji mara kwa mara, na akipata moto mwilini mpanguseni kwa kitambaa chenye maji mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nyumbani nimlindeje?

Jiko la makaa lisikae sakafuni anapotambaa. Uji na maji ya kuoga yapimwe na mkono wako, si wake.

Kisha kila jioni mvue nguo umkague mwili mzima, na usiruke hata siku moja. Tazama ndani ya mdomo, na katikati ya vidole vya miguu. Angalia macho: watoto hawa hukwaruza kioo cha jicho wakaendelea kucheza, na wengine hupoteza uwezo wa kuona hivyo hivyo. Bonyeza viungo, goti lililovimba na lina joto huenda limeficha mfupa uliovunjika, ingawa amekimbia nalo kutwa. Geuza viatu uvikung'ute kabla hajavaa. Akitapika au akikataa kula, usisubiri aseme tumbo linauma, kwa sababu hatasema.

Daktari wa meno naye ahusishwe mapema. Anaweza kulainisha ncha kali zinazokata ulimi.

Watu wa ploti wanasema nampiga mtoto.

Hili huwapata wazazi wengi wa watoto hawa, hata hospitalini. Muuguzi akikuuliza michubuko imetoka wapi, usikasirike. Angekosea kama asingeuliza. Ugonjwa ukishathibitishwa, omba barua ya daktari, uiweke pamoja na kitabu cha kliniki, na nakala moja ipelekwe shuleni.

Kuna dawa?

Ya kuponya, bado. Dawa za maumivu hazina kazi kwake; majeraha na mifupa hutibiwa kama ya mtu yeyote. Akianza kuelewa maneno, mfundishe kanuni badala ya kungoja ahisi: ukiona damu, mwambie mwalimu. Ukianguka, njoo nikuone, hata kama mchezo haujaisha.