Je, Wajua Kwa Nini Mto Uliokauka Bado Hupimwa?

Wakazi wa Jiji la Tanga wamezoea mto usiokoma kutiririka. Mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani ambalo mji hutegemea kwa maji yake, huanzia kwenye misitu ya Amani katika Usambara Mashariki, ambako mvua huzama ardhini na kutoka taratibu kwenye chemchemi hata miezi ambayo mawingu hayaonekani. Mambo ni tofauti upande wa Handeni, unakopita Mto Msangasi kuelekea Bahari ya Hindi. Nchi ile ni ya chini na kavu zaidi, haina msitu mkubwa wa mlimani wa kuhifadhi mvua, na mito yake ni ya msimu: hufurika masika, hupungua, kisha hubaki mchanga mtupu wenye nyayo za ng'ombe. Anayeuona wakati huo ana haki ya kuuliza kwa nini mtaalamu wa maji ateremke humo na futi yake, ilhali hakuna cha kupima.

Jibu liko chini ya mchanga. Mkondo unapokatika, maji hayawi yamekwisha. Yameshuka chini ya uso wa mchanga, na huko yanaendelea kusogea polepole mno. Kina mama wanaochota maji huko walilijua hili kabla ya mtaalamu yeyote. Mama huchagua mahali mto unapopinda, akafukua kwa mikono mpaka mchanga ugeuke rangi na kuwa mzito, kisha akasubiri. Maji ya kwanza huwa ya tope; huyamwaga. Ya pili hupanda kidogo kidogo yakiwa maangavu, naye huyachota kwa kata ya kifuu mpaka dumu lijae. Akilazimika kufukua hadi kiunoni mahali ambapo mwezi uliopita alifika magotini tu, amekwisha kupima mto, na kipimo chake ni sahihi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kipande cha mto chenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 20 na mchanga wa kina cha mita 2 kina mchanga wa mita za ujazo 40,000. Ikiwa robo ya ujazo huo ni nafasi zilizojaa maji kati ya chembe na chembe, humo mna mita za ujazo 10,000, yaani lita milioni 10. Hata tukikadiria kwamba nusu tu ndiyo inayoweza kuchotwa, watu 1,000 wanaotumia lita 25 kila mmoja kwa siku watayatumia kwa siku 200. Na kwa kuwa jua halifiki chini, maji hayo hupotea hewani kidogo sana kuliko ya bwawa la wazi.

Sasa ugumu wa kupima. Kwenye mto wa kawaida husimikwa ubao wenye alama za sentimita, msomaji wake huandika kina cha maji kila siku, na kina hicho hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde kwa kutumia vipimo vya kasi vilivyochukuliwa awali. Kwenye mto wa msimu ubao unaweza kudanganya. Huenda ukaonyesha sentimita 30 kwa sababu umesimama ndani ya dimbwi, huku mkondo umekatika wiki mbili zilizopita. Na mafuriko ya masika yakihamisha mchanga, uhusiano wa kina na wingi wa maji hubadilika, ikabidi upimwe upya. Kwa hiyo mpimaji makini huandika pia hali ya mto: unatiririka, umebaki madimbwi yasiyoungana, au ni mkavu kabisa. Huzamisha mchangani bomba lenye matundu na kupima kwa futi maji yamekaa kina gani. Siku ya sifuri nayo huandikwa, kwani nafasi iliyoachwa wazi daftarini haisemi kama mto ulikauka au kama msomaji hakufika.

Kumbukumbu hizo za daftarini ndizo zinazowezesha usimamizi. Mto Msangasi, sawa na Zigi, uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inatanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine. Utaratibu huo hauwezi kufuatwa kwa kukisia. Watumiaji wakijua kiwango cha maji ndani ya bomba, wanaweza kukubaliana mapema kwamba kikishuka hadi alama fulani pampu za bustani zitazimwa au kupewa zamu, na visima vya kunywa vibaki.

Kinachonitia uchungu zaidi ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea. Malori huingia mtoni kiangazi kwa sababu kila mtu anaamini hapo hapana kitu. Katika mfano wetu, kuondoa mita 1 ya mchanga ni kuondoa nusu ya ghala: mvua ikirudi, maji yaliyokuwa yakibaki pale hupita na kwenda baharini. Madimbwi ya mwisho nayo yana wenyewe. Katika maji ya msimu ya ukanda wetu wa pwani wamo samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao hufa dimbwi likikauka, lakini mayai yao huishi ndani ya tope kavu hadi mvua nyingine.

Vuli inapoanza, maji ya kwanza hayaendi mbali. Huja na povu na majani makavu mbele, mchanga huyanywa, yakasimama, yakaja mengine yakasogea hatua chache zaidi. Huenda mvua tatu zikapita mto ukiwa bado mkavu kwa macho, lakini mwenye bomba lake mchangani huwa amekwisha kuandika kwamba maji yamepanda.