Kwa nini mbayuwayu huiacha Afrika yenye joto na kurudi Uingereza?

Mwezi Februari, Afrika Kusini bado kuna joto na wadudu wanaoruka ni tele. Hata hivyo, mbayuwayu, ndege wa gramu 20 hivi tu, hung'oa nanga na kushika njia ya kaskazini. Huvuka Sahara, huvuka Bahari ya Mediterania, na ifikapo katikati ya Aprili wengi wanazunguka juu ya mazizi ya ng'ombe huko Uingereza na Ayalandi. Ni safari ya kama kilomita 10,000. Taabu yote hiyo ya nini?

Jibu limo katika urefu wa mchana. Mbayuwayu huwinda kwa macho, akiwa angani. Giza likiingia, kazi imekwisha. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, lakini kaskazini mwa Uskoti mwezi Juni hufika karibu saa 18. Kwa mzazi mwenye makinda manne au matano yaliyopanua midomo, saa hizo za ziada ni chakula. Tena baridi ikishapita wadudu huibuka kwa wingi mno, na ndege wakaazi wanaowakamata angani ni wachache. Kwa tumbo lake mwenyewe Afrika inamtosha. Safari hii ni ya watoto. Jozi moja huweza kulea makinda mara mbili, pengine tatu, kabla ya kurudi kusini mwezi Septemba.

Zamani wako walioamini kwamba wakati wa baridi mbayuwayu hujificha kwenye matope ya mabwawa. Kisha Mei 1911 mbayuwayu mmoja akavishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kipande kidogo cha chuma kikamaliza ubishi wa karne nyingi!

Siku ya kuwasili huamuliwa sana na upepo. Ukivuma kutoka kusini huwasukuma. Mvua na upepo wa kaskazini huwakwamisha njiani. Ndiyo maana wapenzi wa ndege wanaokesha Portland Bill, rasi ya kusini mwa Uingereza, au kisiwani Cape Clear huko Ayalandi, hutazama hali ya hewa kwanza.

Kekeo, ndege mwingine anayehama kutoka Afrika, naye hufika zaidi nusu ya pili ya Aprili. Tangu 2011 baadhi yao wamefungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, ikajulikana kwamba msimu wa baridi hukaa kwenye misitu ya Kongo, na kwamba wakitoka Uingereza wengine hupitia Hispania na wengine Italia. Wanaopitia Hispania hufa zaidi.

Mbayuwayu dume hutangulia kufika, na mara nyingi hurudi kwenye zizi lilelile la mwaka jana. Kiota cha tope kikiwa bado kimeshikilia boriti, hukarabatiwa tu kwa tope jipya, na kwa kawaida ifikapo Mei mayai yako ndani.