Haki za kiraia Marekani: sheria iliyopitia mlango wa biashara

Dhana: Kabla ya 1964 hapakuwa na sheria ya kukataza ubaguzi.

Ilikuwepo. Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilikataza kumbagua mtu kwa rangi yake katika nyumba za wageni, kumbi za maonyesho na vyombo vya usafiri. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ikaifuta, ikisema Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayoahidi ulinzi sawa wa sheria, yanaibana serikali, si mwenye hoteli yake. Zikapita miaka 81 hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokataza tena ubaguzi huo.

Dhana: Sheria ya 1964 ilishinda mahakamani kwa hoja ya usawa wa binadamu.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Walioiandika walikumbuka kilichotokea 1883, wakapitia mlango mwingine: mamlaka ya Bunge kusimamia biashara kati ya jimbo na jimbo.

Chukua Ollie's Barbecue, mgahawa wa familia mjini Birmingham, Alabama. Theluthi mbili ya wafanyakazi wake walikuwa weusi, ila mteja mweusi aliuziwa chakula cha kubeba tu. Kukaa mezani, marufuku. Wenyewe walidai mahakamani kwamba wao ni wafanyabiashara wadogo wa pale pale mjini, hawahusiani na majimbo mengine. Majaji wa Mahakama ya Juu wakafuata nyama. Mgahawa ulinunua chakula cha kama dola 150,000 kwa mwaka, na asilimia 46 ilikuwa nyama iliyotoka nje ya Alabama. Desemba 1964 majaji wote wakaamua: sheria inawahusu. Mimi hunikera kwamba haki ya mtu kuvuta kiti ilipimwa kwa safari ya nyama, lakini hoja ilisimama.

Dhana: Sheria hiyo moja ilimaliza kila kitu.

Wapiga kura walisubiri sheria ya Agosti 1965. Wapangaji na wanunuzi wa nyumba walisubiri hadi Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

Dhana: Mioyo isipobadilika, sheria ni karatasi tu.

Tazama hospitali za majimbo ya Kusini mwa Marekani. Nyingi zilikuwa na wodi za weusi peke yake, na nyingine hazikuwapokea kabisa. Sheria ya 1964 ilisema anayebagua hapati fedha za serikali kuu. Julai 1966 bima ya afya ya wazee, Medicare, ikaanza kulipa, na hospitali iliyotaka malipo hayo ilipaswa kwanza kuchanganya wagonjwa. Ndani ya miezi michache, zaidi ya hospitali 1,000 zilikuwa zimeacha kutenga wagonjwa. Mioyo ya wakurugenzi wake hakuna aliyeikagua, zilikaguliwa wodi.