Titi sio kibuyu, maziwa hayachachi humo ndani

Alhamisi iliyopita nimeshika kadi ya mtoto wa miezi minne na nusu, mstari wa uzito umepanda vizuri mpaka mwezi wa tatu halafu ukalala chali. Najua kasi ya kuongezeka hupungua kuanzia hapo, hiyo ni kawaida, lakini kasi kupungua ni kitu kimoja na mstari kulala ni kingine. Mama yake ni keshia Kariakoo, anakaa Mbagala ndani ndani, anatoka saa 11 alfajiri anarudi saa 1 usiku. Namuuliza, ukirudi unamnyonyesha? Ndiyo nesi. Ukifika tu? Hapana, naoga, namwaga kwanza maziwa yaliyolala, halafu ndo namuweka. Unamwaga mpaka wapi? Mpaka yaishe yale ya mchana. Na yakishaisha mtoto ananyonya nini? Kimya. Halafu taratibu, anaangalia chini: anapewa ya kopo nesi, maana titi linakuwa limelegea.

Nikaweka kalamu chini. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 16 na hii habari ya maziwa yaliyolala, eti yakikaa titini kutwa yanachacha, naisikia kila wiki, kwa mama lishe, kwa mwalimu, kwa mhasibu mwenye digrii mbili, na siku moja, Mungu anisamehe, niliisikia kwa nesi mwenzangu tena yuko kwenye yunifomu. Kwa hiyo leo naandika yote, ili akija mwingine nimtumie hii kwenye WhatsApp niendelee kupima watoto.

Tuanze na ng'ombe, maana ng'ombe hana mama mkwe. Ng'ombe anakamuliwa asubuhi, anaenda malishoni kwenye jua kutwa nzima, anarudi jioni anakamuliwa tena. Nani aliwahi kukaa na kindoo chini ya ng'ombe jioni yakamtokea maziwa mgando? Maziwa yanachacha yakiwa nje, kwenye kibuyu, kwenye sufuria, kwa sababu bakteria wanapata muda na joto na wanakula ile sukari yake wanaigeuza asidi. Ndani ya titi hayajakaa kama maji ya ndoo. Yamezungukwa na damu inayopita saa zote, yana kingamwili, yana chembe hai za ulinzi, na mengine yanatengenezwa pale pale mtoto anaponyonya. Chuoni sisi tulifundishwa kwamba hayana kijidudu hata kimoja, siku hizi imeshajulikana kwamba yana bakteria wake, wengi ni wema na wanamsaidia mtoto tumboni. Basi nikalazimika kufuta sentensi niliyoisema kwa kujiamini miaka mingi. Lakini kuchacha humo ndani, hapana.

Sasa wanakuja na ushahidi. "Nesi mimi niliyaona kwa macho, yalikuwa majimaji, kama maji ya mchele." Hapa ndo penyewe, na hapa ndo ninapochoka, maana mama hasemi uongo, ameona kweli. Mafuta ya maziwa yana tabia ya kung'ang'ania kwenye kuta za vile vifuko vidogo ndani ya titi. Mtoto akianza kunyonya yanatangulia mepesi, kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyobanduka na kushuka, mwishoni yanakuja mazito. Na kadiri ulivyokaa muda mrefu bila kunyonyesha wala kukamua ndivyo yale ya mwanzo yanavyozidi kuwa mepesi. Kwa hiyo mama aliyekaa masaa 14 bila kutoa chochote, akiminya tone la kwanza lazima aone maji yenye kibluu kwa mbali. Anasema yameharibika. Wala! Ndo yanavyotoka. Na kwa kumwaga yeye anatupa yale yanayomkata mtoto kiu na mengi tu ya kumshibisha, mtoto wa umri huo anakunywa wastani wa mililita 750 kwa siku, sasa hesabu mwenyewe bilauri inayoishia kwenye sinki ni sehemu gani ya chakula chake.

Na tafadhali msinigeuzie hiyo habari mkaenda kutangaza kwamba maziwa ya mwanzo hayafai mnataka ya nyuma tu. Nimeshaona mama anakamua anamwaga ya mbele kwa makusudi "ili mtoto apate mafuta". Yote ni maziwa! Mwache anyonye titi moja mpaka aliachie mwenyewe, halafu mpe la pili, basi, hakuna mita pale.

Kuna kipande kingine cha imani hii, cha joto: umetoka juani, maziwa ni ya moto, yatamharisha. Maziwa yako yana joto la mwili wako, karibu nyuzi 37, hata ukipita Kariakoo saa 7 mchana na kreti ya soda kichwani. Ila hiki sikipigi vita sana, na sababu yangu sio ya kitaalamu. Mama akiambiwa "pumzika kwanza upoe" anapata dakika kumi za kukaa, na pengine ndo dakika kumi pekee atakazokaa siku hiyo. Akinywa maji, akanawa, mwili ukatulia, maziwa yanashuka vizuri zaidi, maana mtu mwenye hasira za foleni ya daladala kweli yanaweza kuchelewa kushuka. Hayajaisha, yamechelewa tu. Basi bibi aliyesema pumzika alikuwa na haki kwa njia yake.

Na nikiwa mkweli bibi alikuwa na haki pengine zaidi ya hapo. Kuna wakati maziwa yanabadilika ladha kweli. Titi likijaa likavimba, likauma, likawa jekundu na homa juu, chumvi inaongezeka kwenye maziwa na utamu unapungua, mtoto analiweka mdomoni anakunja uso anageukia kule. Hata maziwa yakiwa yanaelekea kukauka inatokea. Kwa hiyo mtu aliyesema miaka hiyo "mtoto amelikataa titi lililolala" hakuota ndoto, aliona titi lililojaa mpaka likaugua. Hata hapo maziwa hayamdhuru mtoto na kunyonyesha ndo sehemu ya tiba, pamoja na kuja kituoni, ukikuta usaha usijitibu na majani ya kabichi nyumbani. Vitabu vyetu vinaandika tu "imani potofu" vinapita. Mimi siwezi tena kuandika hivyo kwa wepesi.

Haya, kumwaga kunakausha maziwa? Hapana, na hapa hata wanaonitetea huwa wanakosea. Kumwaga jioni kunaliamsha titi kama mtoto angelinyonya. Kinachokausha ni yale masaa 14 ya katikati. Titi likikaa limejaa linapokea habari kwamba huku hakuna mteja, linapunguza kutengeneza, siku ya kwanza huoni kitu, wiki ya pili unaona limelegea, wiki ya nne unasema "sina maziwa", unaingia kwenye kopo, na kopo likiingia mtoto ananyonya kidogo zaidi. Yule wa Mbagala hakuharibikiwa maziwa, alikosa mahali pa kukamua saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, habari imeishia hapo.

Nilimuuliza kazini kuna pa kukamulia? Akacheka. Choo kimoja, kinatumiwa na duka zima na wateja. Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi mpaka saa 2 kwa siku. Wenzetu Kenya Sheria yao ya Afya ya 2017 imeenda mbali, inamtaka mwajiri atenge sehemu kabisa ya kunyonyeshea. Hizo saa 2 zetu mnaokaa dakika kumi kutoka ofisini mnazila vizuri, wa Mbagala anayefanya kazi Kariakoo akienda na kurudi saa 2 zimeishia kwenye gari hata mtoto hajamgusa. Ombeni mzigawe, nusu saa asubuhi ya kukamua, nusu saa alasiri, na saa nzima utoke mapema. Mabosi wengine wanakubali ukiwaambia kwa lugha ya hesabu. Mama lishe na mwenye genge hana wa kumuomba, ila yeye angalau mtoto anaweza kuwa naye mgongoni. Na siku 84 ukizitoa kwenye miezi sita ya maziwa ya mama matupu unabaki na miezi mitatu na kitu ambayo kliniki tunakwambia "usimpe hata maji" na kazini wanakwambia "karibu tena". Mimi ndo ninayekwambia usimpe hata maji. Najua ninavyosikika.

Kukamua sirefushi: nawa mikono, vidole nyuma ya lile duara jeusi na sio kwenye chuchu, sukuma kuelekea kifuani, minya, achia. Kama unaumia unakosea. Pampu sio lazima.

Kuhifadhi ndo pana maneno. Kitabu kimoja kinasema masaa 4 nje ya friji, kingine 6 mpaka 8, na vyote vinazungumzia chumba cha nyuzi 25. Chumba kipi hicho, jamani? Dar mwezi wa pili, nyumba ya bati, feni inapuliza joto? Kwa hiyo namba ninayowapa mama zangu ni ya woga wangu mwenyewe: masaa 3, ukizidisha sana 4, chombo chenye mfuniko, kivulini. Dodoma na Singida mtungi wa udongo unapoza vizuri kwa sababu hewa ni kavu, hapa kwetu unyevu ni mwingi mtungi unafanya kazi nusu, mfuko wenye barafu ni bora zaidi. Friji siku 4, sio mlangoni, nyuma kabisa. Umeme ukikatika usifungue fungue.

Na kinachoniudhi kuliko vyote: hao hao wanaoogopa maziwa yaliyo kifuani hawaogopi chupa ya kunyonyeshea iliyokaa kwenye kabati tangu asubuhi, chuchu ya plastiki ina utelezi, dada anaongezea kidogo kidogo kila mtoto akilia. Au wanayapasha yanawekwa kwenye chupa ya chai "yasipoe". Mama, umewatengenezea bakteria kitanda na shuka! Yapashe kwa kuweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, kiasi cha mlo mmoja, yakibaki mnywe nyie. Na kikombe ni bora kuliko chupa, kikombe kinaoshwa kikaonekana kimeoshwa, hata mtoto mchanga kabisa anakunywa kwa kikombe akiwa amekaa mapajani, anaramba kama paka. Dada wa kazi atakwambia hawezi. Kaa naye Jumapili mfundishe, mara mbili tu anaweza.

Nisijifanye malaika. Mwanangu wa kwanza, nimerudi shifti baada ya siku zangu 84, nakamua stoo ya kituo nimekaa juu ya boksi la glovu, naweka kwenye kontena ndogo, narudi nazo kwenye friji kama mtu aliyebeba dhahabu. Siku ya tatu mama mkwe anafungua kimoja ananusa, ananiita. "Mama, njoo. Haya yananuka sabuni." Nikanusa, kweli, sabuni ya mche kabisa. Nikafungua la pili, sabuni. Mimi nesi, mwenye cheti ukutani, nikasimama kwenye karo nikamwaga makontena matano huku machozi yananitoka. Miaka baadaye ndo nikaja kusoma kwamba kuna kimeng'enya kwenye maziwa kinachovunja mafuta hata yakiwa ndani ya friji, harufu inakuwa ya sabuni, na maziwa ni salama kabisa. Wapo watoto wanaoyakataa kwa ladha, hapo unayapasha mara tu baada ya kukamua mpaka yaanze kutoa vipovu pembeni, kabla hayajachemka, unayapoza haraka ndo unayaweka. Unapoteza baadhi ya kinga, lakini unaokoa chakula. Yaliyochacha kweli utayajua, yana ukali wa maziwa mgando na hayachanganyiki ukiyazungusha. Yaliyojitenga tu, mafuta juu maji chini, ukizungusha taratibu yanarudi kuwa kitu kimoja.

Mama mkwe wangu hakunilaumu siku ile. Alisema tu, "Pole mwanangu, kesho utapata mengine," akamchukua mtoto.

Yule wa Kariakoo amerudi jana, sio yeye, amemtuma mama mkwe wake na mtoto mgongoni, bibi wa Kilwa, mtandio wake safi. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza ng'ombe, nikamweleza mafuta, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema ng'ombe ni kweli, baba yake alikuwa nao. Akakubali jioni mtoto awekwe titini mama akiingia tu mlangoni, ila mama anawe kwanza. Nikasema anawe. Mtoto kwenye mizani ameongeza gramu 60 kwa siku sita, sijashangilia bado, mizani yetu nayo ina mambo yake, nimemwambia arudi baada ya wiki mbili.

Wakati anafunga khanga akanisogelea sikioni, akauliza kwa sauti ya chini kama labda mtoto hakuharibiwa na maziwa, labda wazazi wake wamembemenda, yaani wamevunja mwiko wa tendo la ndoa mtoto akiwa bado ananyonya. Nikamwambia bibi, hiyo tutaiongea ukirudi, leo foleni ni ndefu.