Ashraf Hotak na Kisasi Kilichomfungia Njia ya Nyumbani

Wengi husoma kwamba Ashraf Hotak, mtawala Mpashtuni aliyekalia kiti cha Isfahan, Iran, kuanzia 1725 hadi 1729, aliangushwa na Nader, jemadari wa Iran. Vitani ni kweli. Ila sisi tunaofundisha historia hii twaomba msomaji aanzie Kandahar, katika Afghanistan ya leo, mwaka 1717, Mahmud alipomuua ami yake Abdul Aziz ili atawale. Abdul Aziz ndiye baba yake Ashraf.

Mahmud huyo alikuwa mwana wa Mirwais, aliyeikomboa Kandahar kutoka kwa Wasafavi, ukoo wa kifalme wa Iran, mwaka 1709. Mwaka 1722 Mahmud aliuzingira mji wao mkuu wa Isfahan miezi kadhaa, hata watu wakala mbwa, paka na ngozi. Mwezi wa Oktoba, Shah Sultan Husayn, mfalme wa Kisafavi, akatoka mwenyewe kwenda Farahabad, kambini kwa adui. Akachomoa kishungi cha vito kilembani mwake, akakichomeka kwenye kilemba cha Mahmud, ishara ya kumkabidhi ufalme.

Kiti hicho hakikumpa Mahmud usingizi. Februari 1725 aliwachinja wana wa ukoo wa Safavi aliowafunga, na akili zikamruka. Aprili, Ashraf akatolewa kifungoni na kutawazwa, na Mahmud akafa siku hizo hizo.

Ashraf hakuwa mtu hafifu. Mwaka 1726 Waosmani, yaani Waturuki, walipomjia na jeshi kubwa kuliko lake, alitanguliza masheikh hadi kambini kwao wakaulize: Sunni anampigaje Sunni mwenzake? Wakurdi wengi wa upande ule wakaondoka, naye akashinda. Mwaka uliofuata, kwa Mkataba wa Hamadan, Sultani wa Osmani akamtambua. Kwangu mimi, huu ni ufundi wa siasa ambao vitabu vingi vinaupita haraka mno.

Lakini Kandahar ilishikwa na Hussain, nduguye Mahmud, naye alimhesabu Ashraf kuwa ndiye aliyemuua kaka yake, hivyo akamdai kisasi. Askari wapya wa Kighilzai, kabila lao la Kipashtuni, hawakuja tena kutoka huko. Ashraf akabaki ugenini, kati ya raia wasiomtaka, na jeshi ambalo kila aliyekufa hakuwa na wa kushika nafasi yake.

Septemba 1729 Nader alimpiga Mihmandust, karibu na Damghan. Novemba akampiga tena Murcheh-Khort, kisha Zarghan, jirani na Shiraz. Ashraf akakimbilia mashariki na watu wachache, kuelekea nchi iliyotawaliwa na Hussain. Mwaka 1730 aliuawa njiani, kabla ya kuiona Kandahar.