"Si kuna pakeji ya hiyo?"

Sisi tunaotengeneza tovuti hapa Mwanza tuna swali moja lisiloisha: "Si kuna pakeji ya hiyo?" Pakeji ni msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika, unauchukua na kuutumia. Ipo, npm, ghala la pakeji za JavaScript (lugha ya msimbo ya tovuti), imejaa. Tatizo ni yale tunayoyaamini kuzihusu.

"Chanzo huria ni cha bure, chukua tu." Soma leseni kwanza. Leseni ya MIT inakuruhusu hata kuuza kazi yako, mradi tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni vibaki humo. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si huria, hata kama unaonekana.

"Kapakeji kadogo hakana madhara." Machi 2016 mwandishi wa pakeji ya left-pad aliiondoa kwenye npm. Mistari 11 tu, kazi yake kujaza herufi kushoto mwa neno, lakini miradi kibao duniani ikagoma kujengwa. Wengi hawakuwahi hata kuisikia. Iliingia kwao imebebwa na pakeji nyingine. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na padStart, iliyomo ndani ya JavaScript yenyewe.

"Toleo jipya ndilo salama." Januari 2022 mwandishi wa colors, pakeji ya kupaka maandishi rangi, alitoa toleo lenye mzunguko usiokoma, kwa makusudi. Hifadhi package-lock.json, faili linaloshikilia matoleo yaleyale unayotumia, pamoja na msimbo wako.

"Uzito ni shida ya seva." Hapa ndipo tunapowaumiza watu. Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, anafungua ukurasa wa bei kwa bando la siku. Msimbo wote wa mbele unashuka kwenye simu yake, na simu hiyohiyo ndiyo inayousoma na kuutekeleza. Lodash nzima, pakeji ya vifaa vingi vidogo vya JavaScript, hata ikibanwa, inazidi kilobaiti 20, nawe ulitaka debounce peke yake, ile ya kusubiri mtu amalize kuandika kabla ya kutenda. Basi ichukue hiyo peke yake.

Tena mengine kivinjari kinayo tayari, ndani ya Intl, sehemu ya JavaScript inayopanga namba na tarehe kwa kila lugha. Intl.NumberFormat inapanga shilingi vizuri. Intl.DateTimeFormat ukiipa sw-TZ (Kiswahili cha Tanzania) na kuiomba majina kamili inakuandikia Jumatatu na Januari bila kuongeza chochote. Watunzaji wa Moment.js, pakeji ya tarehe, wenyewe walitangaza mwaka 2020 kwamba miradi mipya itafute njia nyingine.

Ila Intl haijui saa zetu. Boti ya saa mbili asubuhi itaiandika 08:00, na abiria atauliza. Hiyo niliiandika mwenyewe, mistari michache ya kurudisha nyuma saa sita na kutaja asubuhi au usiku. Hiyo ndiyo ningeiweka npm.