Demani: ubavu wa kulala kwa msafiri wa baiskeli

Demani ni neno la chomboni. Asili yake ni ile kamba inayoshika ncha ya nyuma ya tanga, ambayo nahodha huivuta au kuilegeza; ncha ya mbele ndiyo joshi. Kutokana na hapo, mabaharia wakauita upande unakotokea upepo joshini, na upande unakoelekea demani. Mwaka nao una demani yake: miezi ile kusi inapochoka na kaskazi haijaingia, bahari ikatulia.

Mimi neno hili limenifaa nchi kavu zaidi. Ukizunguka Pemba kwa baiskeli ya milimani na mzigo mwepesi, yaani turubai, chandarua na mfuko wa kulalia usiopitisha maji badala ya hema, huna ukuta. Usingizi wako umo katika pale ulipochagua kujilaza. Na demani haina makazi, huhama na upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo Julai utalala kaskazini-magharibi mwa kichaka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Kichaka kile kile, Januari, utakilalia kusini-magharibi yake.

Hili nililifahamu Vumawimbi, kwenye rasi ya Kigomasha. Nilirudi Julai pahali nilipolala vizuri wakati wa kaskazi. Usiku kucha turubai lilinipigia kelele, na mchanga ukajaa mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli. Alfajiri akapita mzee mmoja wa dago, kambi ya wavuvi, akasimama akanitazama. "Mwanangu, hapa umelala joshini." Akachota mchanga mkavu, akauachia taratibu kiganjani, mkono ukiwa usawa wa goti. Ulikimbia kama moshi. Tukaenda hatua kama ishirini, nyuma ya vichaka, akaachia tena. Ukaanguka karibu wima. Usawa wa goti ndio wenye maana, kwa sababu upepo unaoupata usoni ukiwa umesimama si ule utakaokupitia ukilala.

Kichaka, kwa maoni yangu, kinashinda ukuta. Upepo ukigonga ukuta mtupu hupanda juu kisha huanguka nyuma yake ukizungukazunguka. Majani yanayopenyeza kidogo huuvunja kasi. Kichaka cha mita 2 kinaweza kukusaidia hadi karibu mita 20, lakini pazuri hasa ni kati ya mita 4 na 10.

Kosa jingine ni kuifuata demani mpaka bondeni. Pemba ni vilima na mabonde, na mabonde mengi ni ya mpunga: huko upepo haufiki, ila mbu wapo, na mvua ikinyesha maji yote yanakujia wewe. Tafuta kiuno cha kilima, juu ya bonde na chini ya kilele. Wala demani isiwe kamili. Kwetu usiku mara chache hushuka chini ya nyuzi 20, hivyo huhitaji kujifungia kama mtu wa nchi za baridi. Upepo mdogo unaopenya ndio unaofukuza mbu na kukausha jasho. Chini ya matawi umande nao hupungua, tofauti na uwanja wazi ambako mfuko huamka umelowa.

Ila tazama ni matawi gani. Chini ya mnazi usilale kabisa, nazi haina hodi na kuti kavu ni zito. Kwenye mkarafuu au mwembe angalia juu: ukiona majani yameshonwa pamoja kama kifuko, hayo ni makazi ya majimoto, chungu wakali wanaouma, na hutapata usingizi. Ufukweni tafuta mstari wa mwani mkavu ulio juu zaidi, maana maji ya bamvua, ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda sana kuliko maji mafu ya siku za katikati. Na kabla hujafungua mzigo piga hodi kwa mwenye shamba, au kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo.

Baiskeli ilaze upande wa joshini, ufunge kwake ukingo wa turubai ulio chini, mdomo uelekee demani. Kisha achia mchanga mara ya pili kiza kikishaingia, kwani karibu na pwani upepo wa usiku huweza kugeuka ukatoka nchi kavu kwenda baharini.